Jino Lililonyamaza

Mjukuu wangu Tulia,

Wengi hudhani jino likiacha kuuma limepona. Huku Pito bibi yako ni mzima, na ulezi tumeshavuna.

Unauliza kwa nini sikula mahindi uliyonichomea likizo. Nilipokuwa kijana, jino liliniuma wiki nzima. Bibi yako akanituma mjini nikasage ulezi, nikanunue mbegu, nikatengeneze jembe, kisha nimwone daktari wa meno. Asubuhi hiyo maumivu yakakoma. Nikamaliza mengine yote, nikarudi nikijisifu.

“Na jino, baba Maria?” bibi yako akaniuliza.

“Limenyamaza.”

“Hata maiti hunyamaza.”

Nilicheka, lakini alisema kweli. Jino lilikuwa limekufa ndani, na uozo uliendelea chini kwa chini. Nikaahirisha mwaka baada ya mwaka, mpaka na meno yaliyopakana nalo yakaondoka.

Mahindi yako nilimpa bibi yako, nawe ukaniona ukanyamaza. Nisamehe. Sikuyadharau, sikuwa na cha kutafunia, na niliona haya kusema.

Sasa umeandika kwamba lako nalo limeacha kuuma. Leo, kabla ya shughuli nyingine yoyote, nenda kwa daktari wa meno.

Babu yako