Vipira Nilivyobandua

Mwanangu,

Chai iko kwenye chupa. Usiende kazini kabla hujamtazama mama yako, bado anatetemeka.

Alfajiri boti ilijaa maji tukiwa katikati ya ziwa, naye hajui kuogelea. ~~Mawimbi yalikuwa makubwa.~~ Hapana, nisikudanganye. Vile vipira ulivyokata kwenye tyubu ya baiskeli, ukavifunga kwenye matundu ya boti ili maji yatoke yasirudi, nilivibandua jana. Wenzangu walinicheka eti siku hizi fundi wangu ni binti yangu. Leo maji yakaingilia hapo hapo. Mpaka wapakia mchanga waliokuwa wakipita na mashua yao walipotuokoa, mama yako alikuwa akiliita jina lako, siyo langu.

Nimekwenda kuivuta boti. Vipira viko juu ya kabati. Njoo navyo ufukweni na bisibisi, uvifunge mbele ya wenzangu wote.

Baba yako