Mwanafunzi Aliyejiita Kimya

Ghorofa ya pili,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
9 Oktoba

Mpendwa Kitindamimba wetu,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Mama. U hali gani? Kile kifua kimepona kabisa, au bado unatudanganya kwenye simu? Sisi huku tu wazima. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, lakini ulimi haujambo, na shemeji yako ndiye anayekiona cha moto.

Tangu ugonjwa huu uingie, kituo chetu kimefungwa. Unajua wanafunzi wangu wa Kiingereza ni watu wazima wanaosoma baada ya kazi. Mkuu wa kituo alitaka tuwaambie wasubiri mambo yatulie. Nikakataa, nikamwambia nitafundisha kwa simu. Akacheka, akaniachia.

Basi stoo yangu imegeuka darasa. Ubao wa kupigia pasi ndio meza, simu imeegemea kopo la unga, na mlango wa kabati naandikia chaki. Wiki ya kwanza ilikuwa vurugu tupu. Mshonaji alisahau kuzima maikrofoni, tukasoma huku cherehani ikinguruma. Mkunga alisinzia mbele ya kamera, mdomo wazi, na wenzake kwa huruma wakaanza kunong'ona. Lakini walikuja, kila Jumatatu na Alhamisi, na bando lilivyo ghali.

Mmoja wao alijiandikisha kwa jina la Kimya. Namba ngeni, kamera imezimwa, sauti hana. Alidai maikrofoni yake mbovu. Kazi zake alizituma kwa meseji kabla ya wote. Mwanzoni nilimsifu, baadaye nikachoka, maana kuongea hakufanywi kwa vidole. Baada ya miezi mitatu nilimwandikia kwa ukali kwamba asipofungua kinywa siku ya mtihani, cheti hapati. Akajibu tu kwamba amesikia.

Siku zile zile Kaka Mkubwa alikuwa amekwama mpakani na lori lake. Nadhani Mama alikueleza kwamba madereva waliwekwa karantini kwenye mabweni ya shule iliyofungwa. Kila tulipompigia alisema yuko salama, tusihangaike. Zaidi ya hapo hakusema.

Mtihani ulikuwa Alhamisi iliyopita. Kila mtu alitakiwa kusimulia kwa Kiingereza jambo lililompata mwaka huu. Ilipofika zamu ya Kimya, nilishaandaa sifuri yangu. Mara nikasikia mtu anasafisha koo. Mdogo wangu, nani asiyelijua koo lile katika nyumba yetu? Kalamu iliniponyoka. Alikuwa Kaka.

Alisimulia jinsi dereva wa kitanda cha jirani alivyobanwa na pumzi. Daktari wa zamu alitoka ng'ambo, Kiswahili hajui hata cha kuombea maji. Mgonjwa anashika kifua, daktari anadhani ni moyo, sindano iko mkononi. Kaka akasogea, akamweleza kwa Kiingereza kwamba mwenzake ana pumu tangu utotoni, dawa yake imeisha juzi, na kuna sindano iliyowahi kumvimbisha hadi koo likaziba. Daktari akauliza jina la sindano hiyo. Ilikuwa ile ile aliyoishika. Akaiweka chini, akaagiza mtungi wa hewa. Yule bwana leo yuko kwake na wanawe. Na somo la viungo na maradhi tulilimaliza wiki mbili tu kabla ya hapo, mimi nikidhani Kimya amelala.

Kiingereza chenyewe, kitenzi kilikwenda kushoto na kiima kulia. Sikusahihisha hata kimoja, nilikuwa nalia. Fundi bomba ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Wenzake walipotoka, nikamuuliza Kaka kwa nini alijificha, hadi akanunua laini mpya. Akasema, "Nilikubeba mgongoni kukuvusha madimbwi uende shule. Ningeanzaje kukuambia nisomeshe?"

Wewe na mimi tunajua kwamba Baba alipofariki, yeye aliacha darasa akaenda kuosha malori, na baadaye akashika usukani, ili sisi tushike kalamu. Sijamsikia akilalamika hata siku moja. Nimefundisha miaka kumi na minne, vyeti nimetoa vingi, lakini hiki nilikiandika kwa mkono, herufi moja moja, kwa jina lake kamili.

Mama amekitundika sebuleni, mahali ilipokuwa picha ya harusi yangu. Muuza maziwa hapokei hela yake mpaka asimame akitazame.

Msalimie sana wifi yangu na mapacha, waambie shangazi yao anawakumbuka. Mama anakuombea afya, riziki ya halali na njia nyepesi ya kurudi nyumbani. Kaka alifika juzi, amekonda lakini anacheka. Salamu zake sikuziandika, kwa kuwa ameandika mwenyewe, kwa Kiingereza, kurasa mbili. Zimo humu humu ndani ya bahasha. Zisome polepole, na ukikuta kosa, lipite kama hukuliona.

Ni mimi nikupendaye siku zote,
Dada yako, Mwalimu