Namba za Gereji

Noreen, upo? Mama amemfungia kaka Curtis nje. Leo, sikukuu ya Shukrani, bata mzinga yuko mezani!

Amebadilisha namba za siri za kufungulia mlango wa gereji, tunakoingilia. Za zamani zilikuwa tarehe aliyozaliwa Curtis. Tangu alewe akalala na sigara mkononi, sofa ikashika moto mwanangu akiwa pembeni, Mama alisema atazibadilisha. Sikuamini.

Tukamsikia Curtis nje anabonyeza namba. Anabonyeza tena. "Ma, umesahau nilizaliwa lini?"

Mama akaenda mlangoni, akamjibu taratibu tu: "Sijasahau, mwanangu. Kula, utakula hapa siku zote. Kulala, mpaka urudi kwenye matibabu ya pombe."

"Kwa hiyo mimi mgeni sasa?"

"Mgeni ningempa paja la bata, lile lako la kila mwaka?"

Akavaa koti, akachukua sahani mbili, akaenda kula naye nje, pale kwenye ngazi za mlangoni. Kwenye theluji, Noreen. Curtis analia huku anatafuna.

Mama amerudi ndani, vidole baridi kama barafu. Hajalia. Kasema tu, "Kesho nampeleka kliniki. Ameomba mwenyewe."

Curtis kaondoka; sijui kama kesho atatokea. Nipo tu, sihisi kitu. Paja la pili nimemfunikia, liko kwenye friji.