Swali Ulilolimeza

Brampton, 9 Februari 2012

Kaka Sibtain,

Salamu zako kutoka Dar tumezipata. Theluji huku bado ipo, na Mama anakula kidogo kidogo.

Lakini nina hasira na wewe! Novemba ulipokuja huku kututembelea, kule kliniki, daktari asiyejua Kiswahili alikuomba umuulize Mama kama anafikiria kujiua. Ukamjibu hapana papo hapo, bila kumtafsiria Mama hata neno. Ukaja kunisimulia kwa fahari, eti mzazi haulizwi mambo kama hayo.

Jana hospitalini daktari mwingine alinitoa nje, akaleta mkalimani wao. Mama akaulizwa waziwazi, kwa Kiswahili. Akajibu ndiyo. Ameniambia mwenyewe: tangu Novemba alikuwa akingoja mtu amuulize.

Amelazwa, yuko salama. Ukipiga simu, usimuulize kama amekula. Muulize lile swali ulilolimeza.

Dada yako,
Fizza