Disketi Juu ya Redio

Achieng,

Usidhani nakuandikia kwa sababu nimepoa. Bado nimekasirika. Wewe mjukuu ndiye ulipaswa kunizika mimi, dani yako. Sasa mimi, mzee wa darasa la tatu, ndiye nimeshika kalamu, na vidole vinauma.

Mtoto wako yuko mzima. Adhiambo anakula omena, vile visamaki, na vichwa vyake, na viatu vyako vya mtumba vya soko la Toi anavivuta nyumba nzima. Juzi ameniuliza, "Dani, Mama aliniachia maneno gani?" Nikatoka nje nikajifanya naanua nguo.

Maana aliachiwa. Ile barua uliyomwandikia kwa kompyuta ya kazini kwenu Kawangware, ulipojua huponi. Nilikuambia andika kwa karatasi. Ukasema, "Dani, karatasi hapa plotini itasomwa na kila anayekuja kuomba chumvi." Hapo ulisema kweli. Ukaileta kwa disketi, kitu chembamba, hata mwiko unakishinda uzito. Tena ukataka ziwe mbili: moja ikae hapa Kibera, nyingine kwa Njeri, yule mliyekuwa mkipiga chapa naye, kule Riruta Satellite. "Hii ikiharibika, ile ipo." Nikakataa! Nikasema maneno ya nyumba yangu hayalali kwa watu. Nikasema Njeri ana mdomo. Ukaniangalia tu. Kwa nini hukubishana, Achieng? Wewe uliyebishana na mimi hata juu ya majani chai!

Nikaiweka mahali pa heshima. Juu ya redio, pale kwenye spika, chini ya kitambaa nilichofuma mwenyewe. Picha ya babu yako iko hapo. Maji hayafiki, panya hafiki, jirani hathubutu kugusa. Kila nikipanguza vumbi nilikuwa najisifu.

Baada ya matanga nikaipeleka Kawangware waitoe kwa karatasi. Mwanamke aliyechukua kiti chako akaitumbukiza, mashine ikakoroma, ikakoroma. "Shosho, hii haisomeki." Nikamwambia kama hajui kazi aseme. Akajaribu tena na tena. Akauliza ilikuwa imewekwa wapi. Nikamjibu kichwa juu. Akaitoa mashineni. "Spika iko na sumaku, shosho. Sumaku hufuta."

Na ile iliyobaki ndani ya kompyuta? Uliifuta mwenyewe, wateja wasiione.

Si ungeniambia habari ya sumaku! Neno moja tu! Ulijua mashine zote hizo, ukaniacha mimi nibahatishe na redio...

Hapana. Uliniambia ziwe mbili. Hilo uliniambia.

Nimeenda kwa Njeri. Nilisimama mlangoni kwake kama mtu anayeomba kibarua. Hakunisema. Afadhali angenisema. Alilia, akanipikia chai, akanipa daftari tatu.

Ulinisomea ile barua mara moja, kwa sauti, ukiwa umekaa kitandani. Ninachokumbuka nimekiandika, mara tatu, kwa mwandiko wangu huu wa kuku. Kwamba ulimwita kwa jina kabla hajazaliwa. Kwamba asiruhusu mtu amwambie alikuja kwa bahati mbaya. Kwamba dani yake ana makelele lakini hatamwacha alale njaa. Hiyo nilitaka kuiruka. Nimeiandika.

Mwisho siujui. Ulipofika pale maji yalikuwa yanachemka, nikainuka kusonga ugali. Nikakuambia, "Endelea, nasikia." Sikusikia.

Haya, lala. Sitakupigia kelele tena leo. Ninakuahidi hivi: daftari moja itakaa hapa, moja kwa Njeri, moja nyumbani kwa shangazi yako, na hakuna itakayopanda juu ya redio. Ukurasa wa mwisho nimeuacha mweupe kwa zote tatu. Sitakutungia maneno. Adhiambo akijua kusoma, akiuliza hapa pana nini, nitamwambia mwenyewe: hapa mama yako alisema kitu, na mimi nilikuwa nimempa mgongo.

Dani yako.