Bosi Kavaa Khanga ya Batuli

Salwa! Batuli kanipigia sasa hivi, sina mbavu kwa kucheka!

Si unamjua bosi wake, yule mama wa Njiro mwenye magari mawili? Jana aliazima khanga ya Batuli, eti ana msiba. Batuli naye akaomba ruhusa, eti anaumwa.

Kumbe leo Batuli kampeleka mwanawe Said usaili wa ile shule ya kulipia, zile nafasi za bure za watoto wa maskini. Anaingia, nani yuko benchi la mbele? BOSI, na mtoto wake! Na khanga ya Batuli! Na kandambili za bafuni!

Batuli akajibanza nyuma.

Mwalimu akamwuliza bosi, "Unafanya kazi gani, mama?"

"Nafulia watu nguo."

NAFULIA WATU NGUO, Salwa! Kazi ya Batuli!

"Na mashuka meupe unafulia sabuni gani?"

Bosi anahangaika, anageuka, anamwona Batuli. Mazoea yakamponza:

"Batuli, huwa tunatumia sabuni gani?"

Watu hoi! Mwalimu hoi!

Said kapewa nafasi. Ila kesho Batuli anarudi Njiro kufua, na ya kwanza kwenye beseni ni khanga yake mwenyewe.