Gari Lililompeleka Achieng'

Mamboleo, Kisumu

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Dada Wakio aliniambia umeanza tena kwenda shambani kwa miguu yako mwenyewe, nikashukuru. Mimi mwili ni mzima. Gereji nimeifungua tangu Jumatatu, na wateja wananipa pole huku wakinikabidhi funguo. Nakuandikia kwa sababu nikisikia sauti yako kwenye simu nitaikata kabla sijafika mwisho, na hili nataka ulipate lote.

Unajua kwamba tulimzika Achieng'. Jinsi tulivyofika kaburini ndiyo hujui.

Siku aliyofariki nilikuomba tumlete Voi alale karibu na Baba. Ukasema hukumpokea akiwa hai, utampokeaje akiwa maiti. Nimeishi naye miaka tisa, Mama, na miaka yote hiyo nimekubembeleza uje na wazee mjitambulishe kwao. Ulikataa kwa sababu ni mtu wa ziwani. Basi kwao, kwa kuwa hakuna aliyekuja kumposa, Achieng' alihesabiwa msichana asiyeolewa. Na msichana wa namna hiyo hazikwi ndani ya boma, huzikwa nje ya ua.

Tulimtoa mochari asubuhi kwa van ya kukodi, tukaelekea kwao, mbele ya Sondu. Nilikaa nyuma, mkono juu ya jeneza. Mbele yangu alikaa shangazi yake, Mama Perpetua, dada ya baba yake. Dereva alikuwa Mzee Odera.

Hatujafika hata Ahero nikausikia. Mvumo mzito kutoka chini, kama mtu anasaga mahindi kwa jiwe. Gari likiongeza mwendo unapanda, likipunguza unashuka. Tairi lililolika vibaya huvuma hivyo pia, ila kona hailisumbui. Huu ulizidi kila tulipokata kushoto, uzito ukielemea kulia, na tulipokata kulia ukafifia. Beringi ya mbele, ile inayozungusha gurudumu, upande wa kulia. Hata usingizini ningeijua.

Mzee Odera naye aliisikia. "Fundi, hiyo kelele ni ya nini? Ni tairi ama?"

"Ni tairi tu, Mzee. Twende pole pole."

Nilidanganya. Mle ndani kulikuwa na watu wazima na wazee, na gurudumu lingeweza kuchomoka likatuua sote. Nilijua beringi ile haifiki, na nilitaka isifike. Sikutaka kuuona huo ua. Naona aibu kuliandika, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Baada ya Katito, kwenye mlima, harufu ya grisi iliyoungua ikaingia ndani na moshi ukatoka kwenye gurudumu. Mzee Odera akaegesha pembeni. Wote wakashuka wakatazamana, maana huku gari la maiti likisimama njiani watu husema marehemu amekataa kwenda. Mama Perpetua akasimama mlangoni akaanza kuongea na jeneza. Alianza kwa Kijaluo, kisha akageukia Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie.

"Nyarwa, binti yetu, unataka nini? Bwana yako iko hapa. Kama ni kwao ulitaka kwenda, si sisi tumekataa. Ni mama yake ndio alikataa. Sasa tufanye nini, mtoto yangu?"

Wanawake wakalia. Mimi nilikuwa nimepiga jeki, nimelishika tairi juu na chini, nalitikisa na linacheza mikononi. Ningeweza kusimama niwaambie ni beringi, na kwamba nilijua tangu Ahero. Niliwaacha waamini kwamba anakungoja wewe.

Mzee Odera alipanda boda hadi Sondu kutafuta beringi mpya. Saa nzima nilikaa na Achieng' peke yetu mle ndani, wengine wakiwa kivulini. Nilimwambia mambo yetu, hayo hayakuhusu.

Mzee Odera aliporudi nayo ndipo nilipoona nilichojifanyia. Fundi pale nilikuwa mimi tu. Mikono hii hii ndiyo ingemfikisha kule. Nikagonga vikombe vya beringi ya zamani vikatoka, vimechubuka na kugeuka bluu kwa moto. Nikafuta, nikaingiza vipya taratibu, nikajaza grisi kwa kiganja, nikakaza nati hadi gurudumu likawa zito, kisha nikailegeza kidogo kama Baba alivyonifundisha. Mama, ningeweza kuifunga ovyo. Sikuweza. Machozi yalikuwa yanaingia kwenye grisi na bado niliifunga vizuri kuliko zote nilizowahi kufunga.

Tulipoondoka gari halikutoa hata mlio. Nilitega sikio njia nzima, nikiomba lilie, kimya. Mama Perpetua akanigusa goti, akasema, "Umesikia? Amenyamaza. Amekubali."

Hakukubali, Mama. Mimi ndiye niliyemnyamazisha.

Yuko nje ya ua, upande wa bondeni. Ng'ombe wanapita hapo. Tulipoagana Mama Perpetua alinifuata hadi barabarani akaniambia, "Fundi, hiyo ua ni miti tu. Mama yako akikuja hapa siku moja, aingie kwa gate yetu atusalimie, tutang'oa tupande ingine huko nyuma ya kaburi. Achieng' atakuwa ndani." Jibu la hilo si langu, Mama.

Msalimie Dada Wakio, na mjomba Mwadime aliyenipigia kila siku ya matanga. Mwambie na mwalimu wa kwaya kwamba nimezipata salamu zake.

Ukikubali, shuka stendi ya Kisumu, nitakuwa pale na gari. Magurudumu yote manne nimeyafungua na kuyakagua. Na ukisikia sauti yoyote njiani, niulize. Safari hii nitakwambia kweli.

Mwanao,
Mghanga